Wakisema "Mungu ni mwema" nashindwa kuitikia

Mama mpendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Salamu hiyo nimeiandika kwa mazoea, kisha nikaiangalia kwa muda mrefu. Ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina binti wa miaka sita. Naimba kwaya tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na katika kwaya ya mtaa wetu mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo, sauti ya kwanza. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa na mimba ya miezi minane. Jioni moja nikaona mtoto hachezi. Nikanywa chai ya moto yenye sukari nyingi kama mama alivyonifundisha, nikalalia ubavu wa kushoto, nikasubiri. Alfajiri tukaenda hospitali. Nesi akanipaka ile dawa ya baridi tumboni, akahamisha kifaa huku na huku akitafuta mapigo, kisha akakiweka chini na kwenda kumwita daktari bila kuniambia neno. Nikajua.

Walinianzishia uchungu. Nikajifungua kesho yake kabla hakujapambazuka, mtoto wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi. Nilimwona kidogo tu, wakamfunga kwenye kitenge nilichokuwa nimemnunulia. Nikiwa bado wodini, mume wangu, baba mkwe na jirani mmoja walikwenda kumzika. Hakukuwa na matanga. Kwetu mtoto ambaye hakulia haliliwi.

Arobaini pia sikukaa. Mama mkwe, ambaye ananipenda na sina la kumlaumu, alisema arobaini ni ya mwenye mtoto. Wiki ya pili nikarudi gengeni kwangu, wiki ya tatu nikarudi kanisani. Nilivaa sare ya kwaya, ile niliyokuwa nimempelekea fundi aiachie kiunoni tumbo lilipokua. Sasa inaning'inia, na alama za mshono wa zamani zinaonekana pande zote mbili. Jumapili hiyo kulikuwa na ubatizo wa watoto. Mtoto mmoja akalia maji yalipomgusa, na mimi maziwa yakatoka. Yalilowesha sare mbele, nikajikinga kwa daftari la nyimbo. Dakika hiyohiyo mchungaji akapaza sauti: "Mungu ni mwema!" Kanisa zima likaitikia: "Kila wakati!" Mdomo wangu ulifunguka, sauti haikutoka. Mpaka leo, miezi minne, naimba kwa midomo tu.

Kwenye kwaya wameshagundua. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani na wenzake wawili, akanisomea 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Akasema kinachonifunga ni kwamba sijamshukuru Mungu kwa kifo kile, nikitoa sadaka ya shukrani na ushuhuda mbele ya watu, tumbo langu litafunguliwa nipate mwingine. Wamenipangia Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Mume wangu hataki habari hii iongelewe. Ananitajia Daudi, jinsi mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akaenda kusujudu, akala. "Na wewe inuka uoge," aliniambia. Hakusema kwa ubaya.

Mama, je, natenda dhambi? Sijaacha kumwamini Mungu. Usiku naongea naye sana, ila si mazuri. Namuuliza alikuwa wapi. Nitoke kwaya? Au nisimame siku hiyo niseme maneno ambayo sina?

Mwimbaji, Iringa

*

Mwanangu, pole sana na msiba. Pole kwa kufiwa na mwanao. Nimetafuta neno "kufiwa" katika barua yako sikulikuta, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba umefiwa. Basi mimi nakuambia, umefiwa.

Nikujibu kwanza uliyoniuliza, usije ukasubiri hadi mwisho. Hutendi dhambi. Usisimame Jumapili hiyo. Kwaya usitoke, na namna ya kubaki nitakueleza.

Barua yako imenigusa mahali penye kidonda changu. Zamani kidogo, nikiwa na umri kama wako, mimi nilikuwa yule mama mwenye Biblia. Jirani yetu alifiwa na binti yake wa kwanza, nami siku ya tatu nikaenda nikamsomea mstari huohuo wa Wathesalonike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "amina," akainuka kunimiminia chai. Mkono wake ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani, akaifuta, akanipa. Hatukuwahi kuongea tena kama zamani mpaka nikahama mtaa ule. Nilikuwa na Neno la kweli mkononi, nikampigia nalo mtu aliyekuwa chini. Kwa hiyo hao akina mama waliokuja kwako siwaoni kama watu wabaya. Walikupenda, wakaogopa machozi yako, wakatafuta kitu cha kuyafunika.

Lakini walichokuambia si kweli, nami siwezi kukizungukazunguka. Hakuna mahali Mungu anapouza mtoto kwa shukrani. Kumwambia mama aliyefiwa kwamba akilipa sadaka na kutoa ushuhuda tumbo litafunguliwa ni kuifanya sifa kuwa bei, na kumfanya Mungu kuwa mtu anayemshikilia mtoto mpaka apewe chake. Baba wa Yesu Kristo hayuko hivyo. Kama siku moja utapata mtoto mwingine, nitafurahi na wewe kuliko unavyodhani, ila hatakuwa malipo ya ushuhuda, wala hatakuwa badala ya huyu.

Sasa tuufungue huo mstari, maana nataka uupende tena. Usianzie wa 18, anzia wa 14. Pale Paulo anasema: watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote. Ni mistari minne tu kabla ya "shukuruni kwa kila jambo," na ni kwa kanisa lilelile. Aliyekuletea wa 18 alikuwa na deni la kukutimizia kwanza wa 14. Rudi nyuma zaidi, sura ya nne mstari wa 13: Paulo anawaandikia kuhusu wapendwa wao waliolala mauti, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Hakuwakataza kuhuzunika. Wale walikuwa kanisa changa, Thesalonike, mji wa bandari kule Makedonia, kiasi cha mwaka 50. Walikuwa wameteswa tangu siku walipoamini, na tayari walikuwa wameanza kuzika watu wao. Paulo alijua anaandikia nyumba zenye msiba.

Na angalia neno lenyewe. Kiswahili chetu kimelitunza vizuri: furahini, ombeni, shukuruni. Ile "-ni" ya mwisho ni ya watu wengi. Hakuandika "shukuru wewe." Nimeusoma mstari huu miaka mingi kana kwamba unanielekea mimi peke yangu na mzigo wangu, kumbe ni kazi waliyopewa kanisa zima pamoja. Hili nitalirudia nikifika kwenye kwaya.

Utakutana pia na mtu atakayekupeleka Waefeso 5:20, kumshukuru Mungu "sikuzote kwa mambo yote." Sitauruka, nao ni Neno la Mungu. Katika Wathesalonike, maneno ya Kigiriki yana maana ya ndani ya kila jambo, katika kila hali unayopitia. Waefeso ni mpana zaidi, na watu wengi wamekwama hapo. Mimi kinachonisaidia ni kukumbuka kwamba Paulo huyohuyo aliandika kuwa adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti, 1 Wakorintho 15:26. Akaita adui. Siamini kwamba Paulo alitaka tumshukuru Mungu kwa kazi ya adui ambaye Mungu mwenyewe ameapa kumwangamiza.

Tena tunaye wa kumwangalia. Pale Bethania, akielekea kwenye kaburi la Lazaro, Yesu alilia machozi, Yohana 11:35. Alijua anakwenda kumfufua, na bado alilia. Mistari sita baadaye, mstari wa 41, jiwe limeshaondolewa, akainua macho akasema: "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Soma alichoshukuru. Hakushukuru kwa kuwa Lazaro alikufa. Alishukuru kwa kuwa alisikiwa. Na Martha, aliyemlaki njiani akamwambia, "Kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," hakukemewa hata kidogo. Swali lako la usiku, "ulikuwa wapi," Martha alishamuuliza usoni.

Hapo nafika kwenye hayo maongezi yako ya usiku, ambayo umeyaita "si mazuri." Mwanangu, hayo ndiyo maombi. Fungua Zaburi 88. Ni zaburi ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku, anamuuliza kwa nini unaificha sura yako. Nyingi za zaburi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Neno lake la mwisho kabisa katika Biblia yetu ni "gizani." Halafu tazama juu yake, kwenye yale maneno madogo tunayoyaruka tukisoma: wimbo, wa wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Maana yake, zaburi hii alipewa mwalimu wa kwaya. Watu walifanya mazoezi yake, wakasimama hekaluni wakaiimba, mwisho wake ukiwa gizani, wakakaa. Na kitabu chote hicho Wayahudi wanakiita Tehilimu, yaani Sifa. Kilio cha Zaburi 88 wamekiweka ndani ya kitabu cha Sifa, na hakuna aliyekuja kukitoa. Nilipolifahamu hili nilikuwa mtu mzima tayari, na nililia, kwa sababu nilikumbuka ile chai kwenye sahani.

Ningekuwa nakuficha kama nisingesema pia kwamba naamini, kwa moyo wangu wote, tumeitwa kumsifu Mungu katika hali zote. Sikuandikii ili kukupunguzia mwito huo. Habakuki anaeleza vizuri kuliko mimi. Sura ya tatu, mstari wa 17, anataja kimoja kimoja: mtini hautachanua, mizabibu haina matunda, taabu ya mzeituni ni bure, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna kundi, vibandani hamna ng'ombe. Kisha anasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Tunalipenda sana hilo "walakini," tunaliandika hata kwenye kalenda. Ila kabla ya kulifikia, nabii alipewa nafasi ya kutaja vyote alivyovikosa, kwa majina yake, mbele za Mungu na mbele ya watu. Na kitabu chake hakianzi na furaha, kinaanza na "nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Wengi wetu tunawapeleka wenzetu sura ya tatu bila kuwaruhusu wapite sura ya kwanza.

Wewe orodha yako hujaitaja popote, isipokuwa kwangu. Nywele nyingi. Kitenge. Kifaa kilichowekwa chini. Daftari la nyimbo kifuani. Wamekupangia siku ya kusema "walakini" na hawajakuuliza umepoteza nini.

Kuhusu Daudi, mumeo amesoma sawasawa, ila amesoma nusu. Ni kweli, 2 Samweli 12, mtoto alipokufa Daudi aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akasujudu, akala. Lakini kabla ya hapo alikuwa amelala chini kwenye udongo kwa siku zote ambazo mtoto aliugua, hali chakula, na wazee wa nyumba yake wakasimama karibu naye kumwinua, akakataa. Mtoto alikufa siku ya saba. Daudi alilia kwanza, hadharani, akiwa amezungukwa na watu. Wewe hukupewa hata siku moja. Na Daudi huyohuyo, alipoletewa habari za kifo cha Absalomu, alipanda chumbani juu ya lango akilia njia nzima, "Mwanangu Absalomu, mwanangu, mwanangu Absalomu!" Hakuoga siku ile. Mtu mmoja, baba mmoja, misiba miwili, na hakuomboleza kwa namna moja.

Lakini mvumilie mumeo. Umeniandikia kwamba yeye alikuwa mmoja wa watatu waliokwenda kuzika. Sijui nani alimbeba mtoto mikononi kutoka hospitali. Kama ni yeye, anao uzito ambao hajautua, na "inuka uoge" huenda ni maneno anayojiambia mwenyewe kila asubuhi. Wanaume wetu hawafundishwi pa kulilia mtoto ambaye jamii haimhesabu.

Na chai ile, na ubavu wa kushoto. Umeviandika kama mtu anayejitetea barazani. Hakuna aliyekushitaki, mwanangu. Ulifanya alichokufundisha mama yako, na kulipopambazuka ukaenda.

Hauko peke yako pia, ingawa najua unajiona hivyo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wameshafariki, mimba ikiwa imefika wiki 28 au zaidi. Katika mabenchi ya kanisa lenu wamo wanawake waliozikiwa watoto wakiwa wodini, wakaambiwa waende shamba wiki ya pili. Sitashangaa kama mama mkwe wako ni mmoja wao. Yale maneno ya "arobaini ni ya mwenye mtoto" mtu huyasema hivyo kwa sababu naye aliambiwa. Siku mkiwa mnachambua mchele wawili tu, muulize taratibu.

Sasa tuje kwenye kwaya. Mimi niliimba sauti ya pili kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo hapa nitaongea na mwenzangu. Unakumbuka mlipofundishwa kuimba ile "Amina" ndefu ya mwisho? Mwalimu wetu alikuwa anatugombeza: msivute pumzi wote kwa wakati mmoja! Anayeishiwa anyamaze kidogo, avute pumzi bila kelele, arudi polepole chini ya sauti ya jirani. Jirani asinyamaze naye. Tulifanya mazoezi hayo mpaka tukajua kwa mabega tu: bega la mwenzangu likipanda, najua anavuta pumzi, naongeza sauti kidogo. Walioketi kanisani walisikia "Amina" moja isiyokatika, na hawakujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amenyamaza kwa zamu.

Ndiyo maana ya "-ni" ya shukuruni, kwa jinsi ninavyoielewa mimi. Mungu anasifiwa katika kila hali na kanisa lake, na katika kanisa hilo leo wewe unavuta pumzi. Kanisa zima liliitikia "kila wakati" Jumapili ile. Sifa haikukatika. Lililokosekana ni jirani wa kuliona bega lako.

Kwa hiyo mwone mwalimu wa kwaya, mweleze kwa sentensi mbili: nimefiwa na mtoto, sauti imenigomea, naomba mwingine aanzishe nyimbo kwa sasa, mimi nitasimama nyuma. Usichezeshe midomo tena kwa kuogopa kuonekana. Nyamaza ukiwa umesimama na wenzako, waziwazi, uwasikilize. Itakapokuja sauti, inaweza kuja kwa mstari mmoja katikati ya wimbo, ikaondoka tena. Ichukue hivyohivyo. Na kama kuna atakayekutazama vibaya kwa midomo yako isiyotoa sauti, ujue umetanguliwa. Yule mama yake Samweli, Hana, katika 1 Samweli 1, midomo yake ilicheza na sauti haikusikika, kuhani Eli akadhani amelewa. Akamjibu kwa heshima kwamba hakunywa kileo, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Wimbo wake ule mkubwa ulikuja sura ya pili. Siku ile hekaluni hakuwa nao, na Mungu alimsikia bila huo wimbo.

Kuhusu Jumapili ya mwisho wa mwezi, nenda kwa mchungaji mapema, katikati ya wiki, uende na mtu unayemwamini. Mwambie hukuomba kutoa ushuhuda huo na hauko tayari. Mchungaji mwenye moyo wa kuchunga atakuelewa, na mwombe jambo moja zaidi, nitalitaja hapo chini. Yule mama akikuuliza, huna haja ya kubishana naye maandiko. Mwambie tu: "Mama, asante kwa kunijia. Mimi nimefiwa, na bado nakuja kanisani. Huo ndio ushuhuda nilio nao kwa sasa." Kisha mnyamazie. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomsaidia.

Nakuomba pia uende kituo cha afya. Siulizi kwa mashaka, nauliza kama mama: unalala? Unakula? Binti yako unaweza kumshika ukamfurahia? Kama kuna siku unaona heri usiwepo, usingoje Jumapili wala usingoje barua yangu, nenda siku hiyohiyo, ukasindikizwe. Huzuni ikikaa muda mrefu inaweza kugeuka kuwa sonona, nayo ni ugonjwa, una matibabu, na kutibiwa hakupunguzi imani.

Na lile jambo la mchungaji. Mwombe aje nyumbani, asubuhi moja isiyo ya Jumapili, afanye maombi mafupi kaburini. Kabla ya siku hiyo, mwambie mumeo akuoneshe mahali. Naamini hujawahi kupaona. Nendeni wawili kwanza, jua likishuka, bila binti, bila wakwe. Mwombe akusimulie siku ile ilivyokuwa: nani alichimba, alilazwaje, kitenge kilikaaje. Ataona vigumu kuanza, mpe muda. Sare ya kwaya usiirudishe kwa fundi bado, iache na alama zake.

Mpeni jina hapo, na usiku huo ukiongea na Mungu, mtajie mwanao kwa jina hilo. Ukiniandikia tena, nami niandikie, nimwombee mama yake nikijua alimzaa nani.